Nilimhukumu Askari kwa Neno la Kwenye Karatasi



Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kutunza vitabu: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha marehemu. Kabla ya kazi hii nilisoma chuo cha ualimu, nikafundisha miaka minne. Kwa hiyo watu wa kwetu wangali wananiita Mwalimu, na mtu akipata karatasi asiyoielewa huja nayo ofisini kwangu. Nimewasomea watu hati za mashamba, barua za benki na vyeti vya hospitali. Lakini mwezi wa Julai mwaka 2024 nililetewa karatasi ambayo, nilipokwisha kuisoma, niliona haya kuinua uso. Naomba niwasimulieni, maana nadhani si mimi peke yangu niliyekosa namna hii.

Siku hiyo, baada ya Misa ya asubuhi, alikuja mama mmoja mjane. Kwapani alikuwa na jogoo, na mkononi bahasha nene iliyotoka Marekani, iliyoletwa na jamaa aliyekuja likizo.

"Mwalimu," alisema, "mwanangu anaomba barua ya parokia. Wakubwa wa jeshi la huko wataitazama tena habari yake. Nakuomba uandike kwamba tangu kuzaliwa kwake hajafanya kosa lolote. Kisha upige muhuri mkubwa, ule wa Padre. Na huyu jogoo ni wako."

Nilimwambia jogoo arudi naye nyumbani, maana muhuri wa parokia hauuzwi. Bahasha nikaipokea.

Mwanawe huyo namjua tangu utoto. Tulikaa dawati moja shule ya msingi, tukatumikia altareni pamoja. Mwaka 2006 alikwenda Marekani kwa mjomba wake, na mwaka 2009 akaandikwa katika jeshi la nchi kavu la huko. Sheria yao inamruhusu hata mgeni, maadamu ana kibali cha kukaa daima.

Nyumbani kwao walifurahi kupita kiasi, kwa sababu ile ni nyumba ya askari. Babu yake alikuwa askari wa Keya, akapigana Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Cheti chake cha kufunguliwa jeshini kilitunzwa ndani ya kopo la biskuti. Kila Pasaka kilitolewa, na mjukuu anayejua kusoma aliwasomea wageni maneno ya kumsifu babu. Mimi mwenyewe niliwahi kupewa heshima hiyo nikiwa darasa la tano.

Basi mwaka 2013 habari zilipofika kwamba mjukuu ametoka jeshini, na kwamba karatasi yake si nzuri, kijiji kizima kilijua. Watu hawakusema "ametoka." Walisema "ametimuliwa." Wengine walisema ameiba bunduki, wengine ameua. Hakuna aliyemwuliza. Kopo la biskuti likafungwa, na Pasaka iliyofuata halikutolewa.

Jioni ile nilifungua bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya yule ndugu, nakala ya karatasi yake ya jeshi, na maelezo ya wakili anayewasaidia askari wa zamani bila kutoza ada. Nilisoma mpaka taa ikapungua mafuta.

Nilijifunza kwanza habari ya karatasi yenyewe. Askari wa Marekani anapotoka jeshini hupewa hati iitwayo DD 214. Humo huandikwa mahali alipotumikia, nishani alizopata, sababu ya kutoka, na neno la kumpima: ametoka kwa daraja gani. Madaraja makubwa ni matano. La kwanza ni la Heshima. La pili huitwa la Kawaida, chini ya masharti ya heshima. Hupewa mtu aliyetumikia vema kwa jumla lakini ana dosari. La tatu ni la Nje ya Heshima. Hayo matatu hutolewa na wakubwa wa jeshi bila hukumu ya mahakama. La nne ni la Mwenendo Mbaya, na la tano, lililo baya kupita yote, ni la Aibu. Hayo mawili hutolewa na mahakama ya kijeshi tu.

Tena neno hilo si la kupamba karatasi. Mwenye daraja la Heshima hupata msaada mkubwa wa serikali wa kusoma. Mwenye daraja la Kawaida aweza kupata matibabu na misaada mingine mingi, lakini ule wa masomo haupati. Mwenye daraja la Nje ya Heshima aweza kukuta milango karibu yote imefungwa, mpaka idara ya askari wa zamani ichunguze kwanza habari yake. Hata anapotafuta kazi, mwajiri akiiomba karatasi hiyo na kuliona neno hilo, husita.

Ndugu yetu alikuwa na daraja la tatu. Sababu yake aliieleza mwenyewe katika barua, bila kujificha. Alikuwa dereva wa malori ya mizigo. Mwaka 2011 alipelekwa vitani Afghanistan. Siku moja lori lililomtangulia lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Rafiki yake aliyekuwa akiliendesha alikufa mbele ya macho yake. Kesho yake aliambiwa apande lori lingine, akapanda, akaendesha, na aliendelea hivyo mpaka zamu yake ikaisha.

Aliporudi Marekani usingizi ulimkimbia. Akifumba macho aliliona lori lile. Mwaka 2012 aliondoka kambini bila ruhusa, akajifungia siku 38 katika chumba cha kupanga, kisha akarudi mwenyewe. Alipewa kuchagua: ashtakiwe mbele ya mahakama ya kijeshi, au aombe mwenyewe kutoka na kulipokea daraja hilo baya. Akatia sahihi. "Wakati ule," aliniandikia, "ningetia sahihi karatasi yoyote ili nifunguliwe mlango."

Hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Hakuiba bunduki, wala hakuua. Alitoroka siku 38, naye alikiri. Lakini aliomba jambo moja: litazamwe pamoja na sababu yake.

Hapo nilijiuliza kama kweli jeshi laweza kurudi nyuma na kuliangalia upya neno lake. Kumbe laweza, na sheria ipo tangu zamani. Mwaka 1944, kabla ya vita vikuu vya pili kwisha, Marekani iliweka sheria ya kuwa na Baraza la Kuangalia Upya Kuachishwa kwa Askari. Aliyeachishwa ana miaka 15 ya kupeleka ombi lake kwa fomu DD 293. Wajumbe wasiopungua watatu hukaa, husoma makaratasi yote, na mwombaji akitaka aweza kusikilizwa mwenyewe. Hutazama mambo mawili: je, taratibu zilifuatwa? Na je, uamuzi ulikuwa wa haki? Baraza laweza kumpandisha daraja au kumwacha alipo. Kumshusha chini zaidi haliruhusiwi. Asiyeridhika aweza kwenda kwenye baraza jingine, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1946, la kusahihisha kumbukumbu za jeshi. Wajumbe wa hilo ni raia, si askari.

Wakili alieleza pia kisa kimoja cha kale ili kumtia moyo mteja wake, nami kilinigusa sana. Mwaka 1906, katika mji wa Brownsville, jimbo la Texas, usiku mmoja wa Agosti zilipigwa risasi mitaani. Mtu mmoja aliuawa na polisi mmoja akajeruhiwa. Watu wa mji waliwasingizia askari weusi wa Rejimenti ya 25 waliokaa katika ngome iliyokuwa karibu, ingawa maofisa wao weupe walishuhudia kwamba askari walikuwamo kambini. Askari wote walisema hawajui lolote. Basi mwezi wa Novemba Rais Theodore Roosevelt aliamuru askari 167 waachishwe pasipo heshima, bila hata mmoja wao kufikishwa mahakamani. Wengine walikuwa wametumikia zaidi ya miaka 20. Baadaye 14 tu waliruhusiwa kujiandikisha tena.

Mmoja wa wale waliofukuzwa, Dorsie Willis, alifanya kazi kwa miaka mingi ya kufagia na kupiga rangi viatu katika duka la kinyozi mjini Minneapolis. Mwaka 1972, baada ya miaka 66, jeshi lilikiri kwamba wale watu hawakutendewa haki, likawapa wote daraja la Heshima. Karibu wote walikuwa kaburini. Willis alikuwa angali hai. Mwaka 1973 alipewa hati yake, na Bunge likakubali alipwe dola 25,000. Alifariki mwaka 1977.

Nilipokisoma kisa hicho nilisema moyoni: "Ama kweli, wakubwa wale walikuwa wagumu! Watu 167 kuhukumiwa bila kuulizwa!" Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye haki. Sikujua kwamba ukurasa uliofuata unanisubiri mimi.

Ukurasa huo ulieleza namna baraza linavyopaswa kupima ombi la askari aliyeugua. Yapo maradhi ya kiwewe yanayompata mtu aliyeona mambo ya kutisha. Madaktari wa Marekani waliyaingiza katika kitabu chao cha maradhi ya akili mwaka 1980 tu, kwa hiyo askari wengi wa vita vya Vietnam waliachishwa kabla ugonjwa wao haujapata jina. Mwaka 2014 wakuu wa ulinzi waliagiza mabaraza yawatazame kwa huruma askari wa namna hiyo, na mwaka 2017 wakaeleza maswali manne ya kujiuliza. La kwanza: je, mtu huyu alikuwa na ugonjwa au alipatwa na jambo linaloweza kumpunguzia kosa? La pili: je, lilimpata alipokuwa jeshini? La tatu: je, kweli linalipunguza kosa hilo? La nne: ukiyaweka yote katika mizani, je, lina uzito kuliko kosa lenyewe?

Agizo hilo lasema tena kwamba ushahidi si wa daktari peke yake. Wazazi, rafiki, askari wenzake, hata viongozi wa dini wanaweza kuandika waliyoyaona: mtu alikuwaje kabla, na alikuwaje baadaye. Ndiyo maana barua ilikuja kwetu. Chini yake ndugu yetu aliongeza maneno haya: "Ulinikuta kwenye msiba wa baba. Kama unakumbuka nilivyokuwa, andika. Kama hukumbuki, basi."

Nilikumbuka. Laiti nisingekumbuka!

Baba yake alifariki mwaka 2015, naye akaja kumzika. Alikaa nasi siku tisa. Jikoni kulianguka debe, likapiga kelele. Yeye akajitupa kifudifudi mavumbini, na watu wakacheka. Usiku hakulala ndani pamoja na ndugu zake. Alikaa barazani, mgongo ukutani, uso umeelekea njia. Mara mbili tulimsikia akipiga yowe usingizini. Siku ya maziko tulipanda lori kwenda makaburi ya misioni. Yeye alikataa kupanda. Alitembea kwa miguu kilomita saba nyuma ya jeneza la baba yake, juani, katika vumbi la lori letu. Nami nilimwambia jirani yangu: "Unaona majivuno? Huyu ameona lori letu chafu."

Haikutosha. Dada yake alikuwa na mtoto mchanga, akataka huyu kaka yake awe baba wa ubatizo. Tulikaa kikao cha jumuiya kujaza fomu, watu kumi na mmoja, na fomu nilikuwa nayo mimi. Nikasimama nikasema kwamba msimamizi wa ubatizo lazima awe mtu wa mwenendo mwema, na mtu aliyetimuliwa jeshini hawezi kuwa mfano kwa mtoto. Nikazidi kusema kwamba alikuwa mtoro tangu utotoni, maana darasa la sita alitoroka shule siku tatu kwenda kuvua samaki. Wote wakanyamaza, kwa sababu mimi ni Mwalimu. Fomu nikaandika jina la mtu mwingine. Wakati huo mwenyewe alikuwa amekaa nje chini ya mwembe, karibu na dirisha. Alisikia. Kesho yake alifunga mzigo wake, akaondoka siku mbili kabla ya siku yake.

Tena lipo jambo ambalo sikulisema kikaoni. Zile siku tatu za samaki tulitoroka wawili. Ndoano zilikuwa zangu.

Ndugu wasomaji, wajumbe wa Baraza kule Marekani hawamjui mtu huyu. Hawajala naye chakula. Lakini sheria inawalazimisha kuuliza maswali manne kabla ya kusema neno. Mimi niliyetumikia naye altareni sikuuliza hata moja. Askari wa Brownsville walihukumiwa bila kuulizwa na Rais aliyekuwa mbali nao. Huyu nilimhukumu mimi, hatua kumi kutoka alipokaa.

Asubuhi nilimwendea Padre paroko, nikamweleza yote. Nikamwuliza kama niandike barua nzuri sana, yenye sifa tupu, ili nilipe deni langu. Padre alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Deni lako hulilipi kwa uwongo. Andika uliyoyaona kwa macho yako. Uliyoyasikia yaache. Na kosa lake usilifiche, maana amekwisha kulikiri mwenyewe. Ukisema hana kosa utamfanya yeye mwongo."

Mama mjane hakupendezwa. "Mwalimu, utawaambia habari za debe na za kulala barazani? Si watasema mwanangu ana wazimu?" Nilimweleza kwamba huo si wazimu, ni ugonjwa alioupata kazini, kama mchimba mgodi anavyopata kifua; na kwamba wajumbe wanataka kuujua, hata sheria inataka awepo kati yao mtaalamu wa maradhi hayo. Alifikiri, akasema, "Haya. Lakini andika pia kwamba mabati ya nyumba yangu ni yeye aliyeyaezeka, na ada ya watoto wa dada yake hulipa yeye." Nikaandika, kwa sababu ni kweli, na stakabadhi za shule nilikuwa nazo. Mabaraza hayo hutazama pia mwenendo wa mtu baada ya kutoka jeshini.

Barua ilikuwa na kurasa mbili. Niliandika mimi ni nani na namjua tangu lini. Niliandika alivyokuwa mvulana mchangamfu, mwepesi wa kucheka, aliyelala popote. Niliandika siku zile tisa za mwaka 2015, jambo kwa jambo, pamoja na tarehe ya maziko kama ilivyo katika kitabu cha marehemu. Mwisho niliandika: "Mambo haya niliyaona, nikayadhania kuwa ni majivuno, nikamsema vibaya mbele ya watu. Nilikosea." Sentensi hiyo niliiandika mara nne kabla ya mkono kukubali. Padre akasoma, akapiga muhuri. Tukaituma mwezi wa Agosti.

Majibu yalikuja Oktoba 2025. Baraza lilikubali kwamba aliugua, na kwamba ugonjwa aliupata vitani. Lilikubali kwamba ugonjwa ulipunguza kosa lake, lakini halikusema umelifuta lote. Lilimpandisha daraja moja, kutoka Nje ya Heshima hadi la Kawaida, chini ya masharti ya heshima. Akapewa DD 214 mpya. Sasa matibabu ya usingizi wake anaweza kuyapata. Msaada wa masomo bado hana, naye anajitayarisha kwenda kwenye lile baraza la pili.

Mama mjane aliniuliza neno moja tu. "Lile neno, wameliondoa?"

"Wameliondoa, mama."

"Basi jogoo utamla," akasema. Safari hii nilimpokea, tukamla pamoja na Padre.

Lakini kwangu kulibaki kazi. Nilikwenda kwa dada yake kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hali anapepeta mchele. Kisha akasema: "Mwalimu, yale maneno uliyasema mbele ya watu kumi na mmoja. Mimi ni mmoja tu."

Alisema kweli. Kwa hiyo Jumamosi moja ya Novemba, katika nyumba ile ile, niliomba nafasi nikasema yote, hata habari ya ndoano. Wawili kati ya wale kumi na mmoja wamekwisha kufariki. Walionicheka walikuwapo, na ilikuwa haki yao. Mzee mmoja hakucheka. Alisema, "Siku ile ya debe nilicheka kuliko wote," akanyamaza. Yule mtoto aliyebatizwa sasa ana miaka kumi na anafundishwa kipaimara. Ameomba mjomba wake awe msimamizi. Fomu nimekwisha kuiandika.

Nilipompigia simu mjomba mwenyewe, jambo la kwanza aliloniuliza ni hili: "Umewaambia kwamba tulikuwa wawili?" Nikasema nimewaambia. Akacheka kama alivyokuwa akicheka zamani. Hicho kicheko sikuwa nimekisikia tangu aondoke.

Ndugu zangu, katika vitabu vya parokia haturuhusiwi kufuta kwa kisu wala kwa raba. Jina likiwa limekosewa, tunaliacha, na pembeni tunaandika sahihisho, pamoja na tarehe na sahihi, ili kila atakayesoma aone kosa na aone limetengenezwa. Naona hivyo ndivyo ilivyo na maneno yetu juu ya watu. Hatuwezi kuyafuta, lakini pembeni pana nafasi.

Wako wengi vijijini mwetu wenye neno baya lililoandikwa juu yao. Yuko kijana aliyefukuzwa seminari, binti aliyerudishwa shuleni kwa sababu ya mimba, mtu aliyetoka gerezani, mwalimu aliyeachishwa kazi. Labda kosa lipo kweli. Lakini kabla ya kulisema neno hilo kikaoni, jiulize: alipatwa na nini? Lilimpata lini? Lapunguza kosa lake? Lina uzito gani? Na ukiombwa kumshuhudia mtu kwa barua, andika uliyoyaona, siku uliyoyaona, usizidishe chumvi, kisha utie sahihi yako.

Pasaka iliyopita nilialikwa katika ile nyumba. Kopo la biskuti lilikuwa mezani. Ndani mlikuwa na cheti cha babu wa Keya, na juu yake nakala ya karatasi mpya ya mjukuu. Mama alinipa zote mbili, akasema, "Mwalimu, tusomee."

Nikasoma.